Ofa ya Tatu

Jumamosi saa nne tulikuta magari kumi na moja
yamebanana kando ya ua wa kayaba, Buruburu fezi ya tano,
na viatu vimerundikana mlangoni kama kuna hitima.
Nyumba moja. Vyumba vitatu,
ngazi ya mbao inayolia kwenye kidato cha sita,
tangi la maji juu ya paa, mpera nyuma.
Dalali Gachoki alipita kati yetu, kalamu sikioni,
akisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi:
"Bei mliyoiona ni ya kubishia hodi tu."

Nikawahesabu wapinzani.
Yule mwenye futi ya chuma, anaupima ukuta ili aubomoe.
Bibi na bwana wanaonong'ona,
mkono wa mke ukitundika mapazia hewani.
Na mmoja asiyekuwepo: "Kuna wa Toronto," akasema Gachoki,
"pesa taslimu, hana haja na benki."
Wa Toronto. Hana uso, hana jina, ana fedha tu,
na tangu siku hiyo akawa analala kati yangu na Musyimi.

Ofa ya kwanza tuliiandika kwa adabu:
milioni kumi na mbili kamili, duara kama sahani tupu.
Jibu lilifika kabla chai haijapoa.
Ya pili tukaongeza laki nne:
akiba ya Sako, na ng'ombe wawili wa mama mkwe kule Makueni,
waliouzwa bila kujua kwamba wanageuka ngazi.
Gachoki akapiga simu. "Wa Toronto amepanda."
Amepanda. Kama homa.
Kama Mto Ngong mwezi wa nne.

Usiku ule Musyimi alisema, tuache, Kerubo,
Kitengela kuna nafasi, kuna upepo, kuna hata twiga.
Nikamwambia twiga hawapeleki watoto shule.
Tukacheka, halafu hatukucheka.
Nilikuwa na kikokotoo juu ya goti, nabonyeza miaka:
ishirini ya mkopo.
Nitakuwa na hamsini na tisa
nitakapomaliza kulilipia jiko.

Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona, si nilichoambiwa.
Chumba cha juu, ukutani, ratiba ya mitihani,
Novemba imezungushiwa wino mwekundu;
na mwenye nyumba, Bi. Nafuna, muuguzi mstaafu,
akiurudisha mlango ule taratibu kila mgeni alipotoka,
kana kwamba ndani kuna mtu aliyelala.

Ofa ya tatu niliiandika kwa mkono.
Milioni kumi na mbili, laki sita,
na shilingi elfu saba mia tatu;
hizo za mwisho si ujanja, ndizo zilizobaki.
Chini yake: usipake rangi.
Ufa wa bafuni tumeuona, ni wetu.
Na chini zaidi, wino ukififia:
hatuingii mpaka mjukuu amalize karatasi ya mwisho.

Siku tatu simu ililala kifudifudi mezani.
Ya nne ikaamka.

Sasa ni Januari. Ngazi inalia kwenye kidato cha sita
na mimi kila tarehe tano, benki ikichukua chake.
Ratiba ile sijaibandua.
Jana Musyimi, akichuma mapera, aliniuliza bila kunitazama:
"Hivi huyu wa Toronto,
ulishawahi kusikia hata sauti yake?"

Sikujibu.
Nilizichukua zile laki sita
nikazigawa kwa mapera yaliyokuwa kwenye bakuli,
nikachagua moja bivu, nikalila polepole,
pera la bei ghali kuliko yote niliyowahi kula.
Lilikuwa na mdudu.
Nikalimaliza.